Kilima Nyuma ya Kanisa Jeupe

Anselme, ndugu yangu,

Leo hapa Saint-Gilles, Brussels, ni mvua, digrii sita. Kwenye kantoni yetu kule Kanada ni moins onze, kumi na moja chini ya sifuri, upepo wa kaskazini, ziwa limeganda mpaka mdomoni mwa mto. Naanza na hali ya hewa kwa sababu wewe na mimi Jumapili zote tulianzia hapo.

Tangu uondoke, yamebadilika machache. Koti lako nimempa Papa Lwamba wa ghorofa ya chini. Linamfika magotini, anasema ndio mtindo. Dirisha la jikoni lilianza kuvuja wiki iliyopita; nimeliziba kwa gazeti, sijamwambia mtu, hata mwenye nyumba. Simu yako iko kwenye droo ya vijiko, imezima tangu hospitali. Hayo mawili ya mwisho yashike, nitayarudia.

Miaka kumi na saba tuliishi mahali pawili kwa mpigo. Ulitoka Likasi, kwetu Kongo, ukiaga parokia nzima kwamba unaenda Kanada, maman yako akakuombea misa. Hapa Brussels ulikuwa unapita tu, majuma mawili, visa itoke. Haikutoka. Ulipompigia mara ya kwanza akauliza, "Umefika?" Ukasema, "Nimefika, maman." Kisha ukanitazama kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Ndipo nikawa mtaalamu wa jiografia, ili uwe na cha kumsimulia. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa na kitabu kisicho na jalada, cha soko la vitu vikuukuu pale Marolles, na ramani ya kwenye simu. Nilikuchagulia kantoni ya vijijini, Quebec, ndogo kiasi kwamba hakuna Mkongo ambaye angeenda kuhakikisha. Vilima vya mviringo, ziwa refu jembamba. Mashamba yanayozaa mawe: kila barafu ikiyeyuka, ardhi inasukuma mengine juu, wakulima wanayapanga kuwa kuta. Mwezi wa matope, malori yanakatazwa barabarani. Miti ya érable inayotobolewa itoe maji matamu. Wazee wa Kiingereza na kanisa lao jeupe la mbao juu ya kilima, waumini sita. Wasema Kifaransa upande wa ziwa. Wameksiko wanaokuja kuchuma mboga na kuondoka kabla ya theluji. Na wenyeji wa kwanza, ambao kitabu changu kiliwataja tu kwenye majina ya mito.

"Hizo kuta za mawe," maman yako aliuliza siku moja, "ni ya kuzuia nani?"

Ukamjibu, "Ni ya kuzuia mawe, maman." Alicheka mpaka akakohoa.

Kila Jumapili saa kumi alasiri mlizungumza. Kabla ya hapo, saa tisa, ulishuka kununua mkate, ukarudi nusu saa baadaye bila mkate. Sikuwahi kuuliza. Mimi, mchunguzi mkubwa.

Ulipofariki, mimi ndiye niliyempigia. Kilio chake siwezi kukiandika. Baadaye akauliza, "Mumemuzika wapi?"

Wewe umelala hapa hapa, dakika ishirini kwa basi, kati ya Mreno na Mpolandi. Lakini ulimi wangu ulijibu kabla yangu: "Kwenye kilima, maman, nyuma ya kanisa jeupe."

"Bon," akasema. "Nadège ataenda kuchota udongo."

Nadège wa dada yako, anayesoma Montréal. Udongo wa kaburi lako uwekwe kando ya kaburi la baba yako, ndipo matanga yaondolewe. Bila huo watu hawatoki msibani, wala wewe hutulii. "Muntu anafwataka mahali wanasema amezikwa," aliniambia. "Udongo ndiyo inamurudisha."

Pale pale ningesema kweli. Badala yake nikajituliza kama waoga wote: ni mbali, kuna theluji, mtoto hana gari, atachoka. Nilisahau ni damu yako.

Jumanne mchana nilikuwa kwenye tramu, karibu na Gare du Midi, Nadège akapiga.

"Tonton Donat, niko kwa kanisa. Kaburi hakuna."

Akaendelea. "Maman mumoja wa duka ya hapa kando ametoka kuniuliza natafuta nani. Nikataja jina ya tonton Anselme, akacheka. Anasema, ah, monsieur wa hali ya hewa. Anamupigiaka kila dimanche saa tatu asubui, kuuliza kama ziwa imeganda. Miaka mingi. Alimuwekea hata koleo ya theluji, sababu anasemaka atakuja."

Jumapili, saa tatu asubuhi ya kule ni saa tisa ya hapa. Mkate. Kumbe mwenzangu ulikuwa na mtaalamu mwingine. Nakiri, kutoka kituo kimoja cha tramu hadi kingine niliona wivu.

"Nikamuambia tonton Anselme alikufa. Akasema hapana, alimupigia juzi. Alors, tonton, nani alikufa?"

Juzi ilikuwa Jumapili. Nikasema huyo mama amezeeka, anachanganya siku.

"Anasema alimuambia kwake mvua inanyesha, maji inaingia kwa dirisha ya jikoni."

Nilishuka kabla ya kituo changu. Nilipofika nyumbani nilifungua droo. Simu imezima vilevile. Ila ilikuwa na baridi, Anselme, baridi ya kitu kilichoingizwa ndani sasa hivi kutoka nje, na vijiko vilivyoilalia havikuwa nayo.

Nimemweleza Nadège yote. Akajibu: "Pasaka nakuja Brussels, utanionyesha kaburi. Na grand-mère utamuambia wewe mwenyewe."

Basi Jumapili hii, saa kumi, nitamwambia maman yako. Kwamba hukufika. Kwamba kilima kile mimi ndiye nilikupa, ukiwa hai na ukiwa umekufa. Atalia upya, na huenda asinisemeshe tena. Nitamwambia hata hivyo, na Nadège atauchota udongo wako kwa mkono wake.

Lakini saa tisa, ndugu yangu, mwache yule mama wa duka. Kule huna mtu. Kama huna budi kupiga, piga kwangu. Nitakuwa jikoni, kando ya droo. Nitakuambia kama ziwa limeganda, halafu nitakuelekeza njia ya kurudi: basi mpaka mwisho, lango la chuma, kushoto, ukishampita Mreno.

Ukifika, ulale.

Donat