Vidonge vya Mgongo vya Babu Yako

Mke mwenzangu Neema,

Marahaba. Huku Ilala tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike. Umeuliza kama unaweza kuongeza vile vidonge vya kulegeza misuli, maana mgongo bado unauma. Ngoja nikueleze yaliyompata mume wetu, babu yako.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumiminika, nasi tukiuza viatu na makoti sokoni Mchikichini. Aliinua belo zima la mitumba peke yake, mgongo ukakaza. Daktari akampa vidonge kama vyako na kumwonya asizidishe.

"Dawa gani hii inatembea kama konokono?" akalalamika. Akaongeza cha pili na cha tatu, akasukumia na bia, kisha akajilaza kwenye rundo la makoti, akazama humo.

Mama mmoja akaona kiatu kizuri kimechomoza. Akakivuta, kikagoma. Alipovuta kwa nguvu, ukatokea mguu mzima.

"Jamani, maiti!"

Nilicheka mpaka nilipomtikisa. Hakuamka, na pumzi ilikuwa ndogo mno. Tukamvua viatu, tukaviacha mezani petu, tukampakia kwenye mkokoteni mbio hadi hospitali.

"Ukizidisha," daktari alituambia, "dawa hii inalegeza hata pumzi. Na pombe ndiyo mbaya zaidi."

Kwa hiyo usiongeze, mwanangu. Rudi kwa aliyekuandikia, umwambie bado unaumwa.

Babu alipona, ila alirudi nyumbani pekupeku. Jirani aliyetushikia meza alidhani ni vya biashara, akamuuzia yule mama viatu vya babu.

Nakusubiri unipigie ukitoka kwa daktari.

Bibi yako, Anna