Sadiki Alipoinuka Mkekani

Murusagamba, Ngara

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na mvua za Biharamulo zimekuachia njia ya kufika shambani. Mimi sijambo kabisa, alhamdulillah. Sare za shule zimejaa kibandani, cherehani haipumziki. Wenyeji wangu wengi ni Wakatoliki na sisi Waislamu ni wachache, lakini hawajanifanya nijione mgeni. Usinihofie.

Ningekupigia simu, ila mtandao wa huku hukatika hata salamu hazijaisha, na jambo hili linataka kuelezwa kwa utulivu.

Nilishakutajia Sadiki, kijana wa bodaboda ninayepanga naye nyumba moja, yule mcheshi. Basi msimu wa kupanda maharage ulipoanza, alibadilika. Baada ya kila swala sisi hubaki mkekani tukisema Astaghfirullah, kama ulivyotuzoesha wanao tangu utotoni. Yeye akawa anabaki mpaka msikiti mzima umeondoka, machozi yanamdondoka. Chakula hali. Pikipiki kaifunika turubai.

Siku moja baada ya alasiri nikamngoja. "Sadiki, una nini?"

Akajibu bila kuniangalia, "Nilimgonga mtu, Hamisi. Nikakimbia."

Ilikuwa kwenye mteremko, akitoka Ngara mjini, njia ni tope tupu. Mama mmoja alikuwa akivuka na mkungu wa ndizi kichwani. Pikipiki ikateleza, ikamwangusha. Sadiki akasikia watu wakipiga kelele kutoka mashambani, akaogopa kipigo, akaondoka. Baadaye akapata habari kwamba ni Mama Adela, mjane wa ng'ambo ya bonde, na kwamba amevunjika mkono. Hakuna aliyemtambua aliyemgonga.

"Namwomba Mungu msamaha asubuhi na jioni," akasema. "Mbona moyo hautulii?"

Mama, jibu sikulitafuta mbali, maana ni lako. Nikamwambia unavyotuambia sisi: haki ya Mungu, iombee msamaha mkekani; haki ya mtu, inuka umfuate mwenyewe.

Akatikisa kichwa. "Watanipiga."

"Basi watatupiga wote wawili," nikamjibu. "Twende."

Tulikwenda mchana kweupe, tukampitia kwanza mwenyekiti wa kitongoji ili jambo liwe la wazi. Mama Adela tulimkuta mlangoni kwake, mkono mmoja umefungwa plasta ngumu, kwa mwingine anachambua mbegu za maharage. Sadiki alipotamka "ni mimi niliyekugonga," mtoto mkubwa wa yule mama alirukia jembe. Mama yake akamkemea kwa Kihangaza, lugha ya huku, kijana akarudi nyuma huku anahema. Kisha yule mama akamgeukia Sadiki kwa Kiswahili.

"Ulikimbia kwa nini?"

"Niliogopa, mama."

"Na mimi niliogopa. Nimelala kwenye tope nadhani nakufa, na mtu aliyeniona anaondoka. Mkono uliuma, lakini hilo liliuma zaidi."

Sadiki akapiga magoti. Hakutaja tope wala mteremko. "Nisamehe, mama. Na kama leo huwezi, nitarudi kesho."

Mama Adela aliweka mbegu zake chini. Mimi nilikuwa nasoma dua kimoyomoyo, na jembe nikiliona kwa jicho la pembeni.

"Aliyekutuma ni Mungu," akasema mwishowe. "Nimekusamehe. Lakini maharage hayatangoja mkono wangu upone. Kesho njoo na jembe."

Akaenda, Mama. Akalima, akapanda, palizi ikamkuta hukohuko, na matibabu akayabeba kama walivyoelewana mbele ya mwenyekiti. Yule mtoto mkubwa mwanzoni hakuitikia hata salamu yake. Halafu jua lilipowaka sana, akamletea maji ya kunywa, na tangu hapo wanalima mstari mmoja. Sadiki anakula, anacheka, pikipiki kaifunua, ananisumbua kwa utani wake. Astaghfirullah hajaacha, wala mimi, maana hakuna siku ya mja inayopita bila doa. Ila sasa anainuka na uso mkunjufu. Mimi sina shaka kwamba Mungu hakuwa amemkataa. Alikuwa anamwonyesha njia ya kwenda kwa yule mama.

Nisalimie dada Mwajuma na shemeji, waambie nguo za mtoto nimeshaanza kuzikata. Mjomba seremala mpe shikamoo yangu, na jirani yetu Bibi Tausi anayekuchotea maji, mwambie namwombea kila nikishika udhu.

Jana Mama Adela alitakiwa kwenda hospitali kufunguliwa plasta. Bodaboda wakamkimbilia, kila mmoja anamwita apande. Akawakatalia wote.

"Niitieni yule aliyeniangusha," akasema. "Huyo ndiye atakayeendesha taratibu."

Mwanao akupendaye na kukuombea,
Hamisi