Pole kwa Aliyeangushwa

Mume wangu Salimu,

Hapa Berea sote wazima. Babu yako anakusalimu, ijapokuwa kwa wivu. Shangazi Mwanaidi anakusalimu, na Idi mdogo wako, asiyetaka kuzungumza ila Kizulu, naye hajambo.

Umeniuliza, je, huruma itakuangusha kwenye fainali yako ya mieleka Jumamosi? Mimi mieleka siijui, mjukuu wangu. Najua hili tu.

Baba yako alipokuwa sekondari hakuna aliyemweza. Siku ya fainali kule Randburg, akamnyanyua mtoto wa watu, akambwaga puu! Nikasimama nikapiga ukelele, “Pole mwanangu, pole!” Ukumbi mzima ukanigeukia. Baba yako naye akageuka, nusura apinduliwe.

Akashinda hata hivyo, kisha akamwinua mwenzake, akamkumbatia.

Njiani kanuna. “Eish, Mama! Kwani ulikuja kumshangilia nani?”

“Wewe. Lakini yule aliyeanguka si mtoto wa mtu?”

Akacheka mpaka tukafika nyumbani.

Basi wahurumie tu, ila usigeuke kutazama watu. Mkimaliza niletee habari upesi, hata kabla hujaoga. Na huyo mwenzio uniambie kama hakuumia.

Bibi yako