Shuka Isiyo na Fundo

Kwako mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na watoto na wajukuu. Goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekukataza ngazi, nawe ukamjibu kwamba wewe huzifuati, ni zenyewe zinazokufuata. Nilicheka peke yangu hapa dirishani hadi binti yangu akauliza kama na mimi nimeanza. Mimi ni mzima, na macho bado yananitosha kwa vitabu vya herufi kubwa. Dada yetu mkubwa naye yupo. Anakula, anatembea kutoka chumba hiki hadi kile, na nywele anakubali kuchanwa. Mengine nitakueleza taratibu, maana hayo ndiyo niliyokaa kuandika.

Najua unasubiri jibu kuhusu shuka ya Mama, ile aliyoidarizi kwa hariri. Uliniuliza kwa barua, ukaniuliza kwa simu, na mara zote nikakuambia iko sandukuni, iko salama. Mjukuu wako anaolewa, na ni haki yake atandikiwe, kama alivyotandikiwa Dada, ukatandikiwa wewe, na binti zenu. Tena hukutia chumvi uliposema kwamba hatuna picha ya Mama, wala kaburi lake la kwenda kupalilia. Tuna shuka ile tu. Dada ndiye aliyeitoa kule nyumbani tulipokimbia, ameizungusha mwilini chini ya gauni, nasi tukamtania njia nzima kwamba wenzake hukonda kwa hofu, yeye amenenepa.

Ugonjwa wake ulianza kwa kupoteza majina ya vitu, kisha ukatufikia sisi. Siku hizi binti yangu kwake ni mpangaji mwenzake, na mimi ni muuza nyuzi. Kila nikiingia na chai ananionya nisidhani hajaiona mizani yangu inavyopenda kuinamia kwa mwenyewe. Anapenda sana kubishana bei. Nikikataa kushuka ananiita bahili; nikishuka, anasema nimeshuka upesi mno, bila shaka uzi una kasoro. Hapo huwa tunacheka wote, na ungetuona ungesema nyumba hii haina neno.

Lakini alasiri mambo hugeuka. Anasimama mlangoni, anaupiga kwa viganja, anataka afunguliwe aende kwa Mama kwa sababu ameachiwa kazi na hajaimaliza. Fundi cherehani wa chini hupanda kuuliza, kwa adabu, kama tunampiga. Daktari alisema dawa hana, labda tuipe mikono yake kazi. Tukamnunulia duara la mbao la kukazia kitambaa, sindano nzuri, na nyuzi za dukani zinazong'aa kuliko hariri yenyewe. Alizichukua akaziminya karibu na sikio. Unakumbuka Mama alivyotufundisha, kwamba hariri ya kweli ukiiminya hulia kidogo, kama kiatu kipya. Zile hazikulia. Akazitupa chini ya kitanda, akaniambia nikawauzie washona magunia.

Siku moja aliupiga mlango hadi viganja vikavimba. Nilimshika, nikambembeleza, nikaimba hata nyimbo ambazo sauti yangu haiziwezi. Mwisho nikafungua sanduku, nikampa shuka aishike tu. Aliinusa. Akakaa kitandani, akapitisha kidole juu ya makomamanga, punje moja moja, na juu ya wale ndege, na majani ambayo Mama aliyaanza kwa kijani kilichokoza akayamalizia kwa kijani kinachokaribia kuwa njano. Jioni ile ilipita kimya. Binti yangu akashangaa kwa nini hatukufikiria mapema.

Kesho yake nilimkuta ana sindano. Alikuwa amefumua komamanga zima, na uzi wake ameuzungusha kwenye kipande cha karatasi ngumu, kwa ustadi, rangi iliyokoza huku na iliyopauka kule. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu kwa kunong'ona kwamba kazi imekwenda kombo, Mama yuko njiani kuja kuikagua, na akikuta kosa atamfumulisha yote mbele ya wenzake; afadhali aanze mwenyewe. Unamjua Mama. Mshono mmoja ukilala vibaya, unarudi nyuma mpaka pale ulipokosea, hata kama ni kazi ya mwezi mzima. Mimi nilinusurika kwa kuwa mvulana. Wewe ulikuwa mdogo, ukasamehewa mengi. Dada hakusamehewa hata moja, na sasa kazi ya Mama mwenyewe anadhani ni yake, na kila ua analolitazama lina kosa.

Na shuka yenyewe haina cha kumzuia. Mama hakuwa akifunga fundo. Fundo kwake lilikuwa aibu, kijipu nyuma ya kitambaa. Ncha ya uzi aliipenyeza chini ya mishono mingine ikabanwa hapo, na nyuma pakawa safi kama mbele. Wageni waliigeuza shuka wakabaki midomo wazi. Mimi nimejalidi vitabu maisha yangu yote na kila mshono wangu uliishia kwa fundo, nanyi mkanicheka kwamba Gundi wenu hana imani na uzi. Kweli sina. Kazi isiyo na fundo, ukishaipata ncha, yote inakufuata.

Nilimnyang'anya. Akaniita mwizi, akapiga kelele hadi nyumba ya pili wakatoka, na chakula akagoma. Nilimpa foronya ya binti yangu yenye maua, akaniuliza kama namwona mjinga. Binti yangu akaniambia, Baba, shuka ni shuka na shangazi ni shangazi. Nikamjibu asiseme hivyo, hakumjua bibi yake. Akasema ni kweli, lakini shangazi yake anamjua. Nilijaribu hata kulirudisha lile komamanga kwa mkono wangu. Gundi na wembe vimeipasua ngozi ya vidole hivi kwa miaka mingi. Hariri ilinasa katika kila ufa, ikatoka manyoya, na nilichoshona kilifanana na kidonda.

Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Shuka haiko sandukuni. Nilimrudishia mwenyewe, na safari hii nilijua atakachoifanyia. Nilimtafutia hata miwani. Siku hizi mchana nakaa mbele yake nimenyoosha mikono, naye ananizungushia uzi viganjani, ananikemea nikitikisika. Makomamanga yamekwisha. Ndege wamekwisha. Umebaki ukingo wa majani upande mmoja, nao hautaifikia harusi. Kitambaa kimekuwa cheupe, kimejaa vitundu vidogo. Ukikiinua mbele ya dirisha unaweza bado kusoma kilichokuwepo. Mlango haupigi tena. Chakula anakula. Nilitumaini kwamba akimaliza kufumua ataanza kushona upya, nami nikamuuliza ataanza lini. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma muuza nyuzi, akasema, "Nitaanzaje, na Mama hajaja?"

Ningekuomba uniambie nifanye nini, lakini barua yako itakapofika kazi itakuwa imekwisha. Na hata ungeniamuru nimnyang'anye, nilishafanya hivyo mara moja, sina nguvu ya mara ya pili. Ukikasirika una haki. Bibi harusi mwambie ni babu yake aliyeiharibu, ndivyo ilivyo.

Wasalimie wote walio karibu nawe. Nilimwambia Dada nakuandikia, akauliza wewe ni nani, kisha akasema yeyote uliye usije mikono mitupu, uje na sindano, kazi bado ni nyingi.

Ndani ya bahasha nimekuwekea uzi mwekundu wa lile komamanga kubwa la katikati. Niliuchukua Dada akiwa amesinzia. Utauona umejikunjakunja, ni jinsi Mama alivyoupitisha kitambaani, kuingia na kutoka. Tafadhali usiupige pasi.

Ni mimi kaka yako,
Gundi