Chang'aa Iliyonuka Moshi

Mjukuu wangu Wafula,

Kaseti yako imefika, tu wazima, ila jogoo wako tumemla. Unauliza mbona wiski ya huko New Hope unakoishi inanuka moshi. Hata mimi ningeishuku.

Siku ya kumposa nyanya yako, huyo unayemwita mkeo, mama yangu alipeleka chang'aa aliyoipika mwenyewe. Mjomba wa nyanya yako akainusa, akakuta inanuka moshi.

"Mmetia nini humu? Onja kwanza, bwana harusi, la sivyo binti haondoki."

Nikameza yote, kama dume zima. Bado akanikodolea macho. Ndipo mama akampa atafune kimea, ile nafaka iliyooteshwa aliyopikia pombe, alichokikausha juu ya moto wa kuni kwa sababu mvua ilinyima jua. Akaonja moshi uleule, kupikwa hakukuutoa. Nikapewa mke.

Basi mwambie aliyekuuzia aonje kwanza. Asiposita, niwekee yangu.

Babu yako