Mashine ya Mwezini

Jumapili, 4 Agosti 1974
Hadithi imekwisha! Siku tatu, mkono umekufa ganzi. Mambo yanatokea mwaka 2000. Huko mwezini kuna mashine kubwa kuliko stesheni ya Tabora, ina jicho moja na rula. Inapiga mstari duniani, inagonga kengele, na kila nyumba inainuka kwa miguu yake kwenda kujipanga. Wenyewe wamo ndani! Asubuhi mtu akifungua mlango hajui kisima kiko wapi. Na hakuna anayerudi. Nimejitisha mwenyewe.

Nimemsomea Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, huku anachambua mchele. Akacheka. Akasema enzi za mama yake hapa Gongoni watu walimkimbia mumiani, eti mzungu ana mtambo wa kunyonya damu. Kila zama na dude lake. "Nyie wasomi mnaogopa nini, hata dude mmelipeleka mwezini?" Nikasema siogopi kitu, mama, ni hadithi tu. Akasema haya.

Jumanne, 6 Agosti
Bwana Shomari, anayetoa gazeti letu la kisomo cha watu wazima, kaipenda. Kaniuliza, hiyo mashine ni beberu, sivyo? Nikasema ndiyo, bwana. (Mungu anisamehe.) Ila mwisho kaukataa. Watu wasitiwe woga, hasa mwaka huu wa operesheni ya kuhamia vijijini. Nibadilishe, la sivyo haitoki.

Nimebadilisha palepale kwenye taipu. Mashine inaliwa na kutu, mvua za mwaka mmoja tu zinapita, watu wanarudi kwao, wanakuta mahindi kihengeni kama walivyoyaacha — "hata panya hakuonja". Sentensi tamu hiyo, nasema mwenyewe.

Jumamosi, 17 Agosti
Limetoka! Jina langu chini: Josepha R. Lugembe. Nakala zimepanda treni ya Kigoma hadi huko kwetu, ng'ambo ya Usinge. Baba atasoma! Amejua kusoma mwaka jana tu, na umri wake sitini.

Jana ofisini mkoani, ninakofanya kazi ya taipu, nimechapa tena orodha za wanaohamishiwa vijiji vipya. Kurasa kumi na mbili. Ramani iko ukutani, na bwana mmoja anapiga mistari kwa rula. Nikamtazama, vidole vikasimama. Kumbe! Mimi nilidhani nimetunga. Nimechukua ya ofisini nikayasogeza mwezini, nipate usingizi. Bi Mwanahawa aliniuliza naogopa nini, nikamjibu siogopi kitu.

Jumatano, 28 Agosti
Barua ya Baba. Ya kwanza kwa mkono wake! Penseli, herufi kubwa kubwa. Nilianza kusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini.

Anasema hadithi imesomwa darasani mara nne. Wazee wakakaa kikao, wakaifumbua. Binti wa Raymundi (ndiye mimi) yuko ofisini, anaona makaratasi yote, hawezi kusema wazi, ndiyo maana kapitia mwezini. Ujumbe umefika: tutahamishwa, lakini mvua moja tu, tutarudi. Basi wamekubaliana hawabebi mahindi. Yatabaki kihengeni. Mwisho kaandika: UMETUOKOA MWANANGU. HAPA WATU WALIKUWA HAWALALI.

Ole wangu! Ndivyo tulivyolelewa kwetu, jambo zito halisemwi uchi. Angeelewaje vingine? Na nusu ya kwanza kaisoma sawasawa, hapo ndipo panaponiuma. Kilichomponza ni ule mwisho wa Bwana Shomari. Wa Bwana Shomari? Niliuandika mimi, tena nikausifu.

Hakuna kurudi. Nimechapa mwenyewe: nyumba za zamani zibomolewe. Huko waendako hakuna hata shamba lililolimwa. Bila mahindi yale watakula nini hadi mavuno?

Tarehe yao ya kuhamishwa ni Jumatatu, 2 Septemba.

Ijumaa, 30 Agosti
Nimepata ruhusa kwa uongo. Nimesema Baba mgonjwa. Bi Mwanahawa nimemweleza yote, kanifungia vitumbua vya njiani. Maji yakimwagika hayazoleki, kasema, ila haya hayajamwagika bado. Nenda.

Jumapili, 1 Septemba
Nimefika kwa mguu kutoka stesheni, vumbi hadi kwenye kope. Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo Baba. Marahaba, mwanangu! Akaniita "mwandishi" mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwambia. Baba, ni hadithi. Niliitunga. Mwisho niliamriwa kubadilisha. Akawatupia jicho mgambo wawili waliokaa kwa jirani, akacheka kidogo. "Nimekusikia. Umesema vizuri."

Nikamvuta ndani, nikasema kwa Kinyamwezi, kwa kunong'ona. Baba, hamtarudi, nimeona karatasi! Akanishika mkono. "Waliokutuma ukanushe, waambie umekanusha."

Nikataka kuapa kwa jina la Mama Maria. Akaniziba mdomo. Usiape kwa ajili yangu, mwanangu. Kazi yako naijua ilivyo ngumu.

Nimelia. Akadhani nalia kwa kumwonea huruma.

Jumatatu, 2 Septemba
Lori limefika saa tatu. Lina nafasi. Nafasi tele! Wamepakia mikeka, vyungu, mbuzi mmoja. Majirani wote wanamtazama Baba. Akibeba gunia watabeba, asipobeba hawabebi.

Nimekokota gunia moja mwenyewe hadi kwenye lori. Baba kaja akalishusha, bila hasira. "Usituharibie."

Mgambo mmoja kauliza, mzee, mbona hamchukui chakula? Baba kajibu, tutapata huko huko, Serikali ni yetu. Mgambo akanigeukia. Dada wa ofisini, ndivyo? Watu wote wananitazama. Nikisema kweli wataulizwa nani kawaambia watarudi. Ataitwa mpinga operesheni, mzee wa watu. Na mimi, kazi yangu pia niliiwaza, nisijidanganye. Nikasema ndivyo. Woga gani huu nilionao!

Sasa naandika nimeketi kwenye gogo la mzinga mtupu wa nyuki uani. Watu wameshapanda, bado Baba. Anasiliba mdomo wa kihenge kwa udongo, polepole, analainisha kwa kiganja, asiache hata ufa wa mdudu kupita. Dereva anapiga honi. Baba hageuki. Udongo umemkaukia mkononi, kaniita nimletee maji.

Kaniita tena. Ndoo ya maji iko hapa miguuni pangu.