Uliyosema Redioni Kuhusu Farasi Wetu

Bonde la Shavart,
mwezi wa tano

Dada yangu Yanjmaa,

Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na mpwa wangu Tuguldur, kifua chake kimetulia, au bado anakohoa moshi wa huko mjini? Sisi huku tuko hai. Mama ni mzima. Asubuhi magoti yanamsumbua, lakini chai anapika mwenyewe na ukitaka kumsaidia anakutazama kama umemtukana. Hapa ndipo ningekuuliza msimu wa baridi mmeupitaje na mifugo imenenepa vipi, maana ndivyo Baba alivyotufundisha kuanza barua. Sikuulizi. Wewe mifugo huna, na mimi nimebaki na vikondoo ambavyo hata mbwa wetu anavionea huruma.

Dada, nimekukasirikia. Wewe ni mkubwa wangu, umenibeba mgongoni, na sijawahi kukuandikia neno la jeuri. Lakini nisipolisema hili kwanza, mengine hayatatoka.

Nilikusikia redioni. Tulikuwa tunapakia ngozi za mizoga kwenye lori la jirani yetu Choijil, na redio ya lori ilikuwa inaongea peke yake kama kawaida. Choijil akaongeza sauti, akapiga kelele kwamba jamani nyamazeni, huyu ni mwalimu Yanjmaa, dada yake Sodnom. Tukanyamaza sote, mikono imejaa ngozi. Mtangazaji alikuwa anakuuliza eti watu wanaoishi karibu na maumbile wanamwamini Mungu kuliko watu wa mjini, au ni maneno tu. Ukajibu. Ukasema unaye mdogo wako huku Shavart ambaye hajawahi kuhitaji hekalu, kwamba milima ndiyo iliyomfundisha dini, na kwamba mtu anayelala chini ya nyota hawezi kumkana aliyeziumba. Halafu ukasimulia habari za Kijivu, farasi wetu wa nadhiri, mali ya Mbingu. Jinsi alivyotoka zizini mwenyewe katikati ya dhoruba, akapanda mlimani kwa Mwenyewe, na upepo ukakoma. Ukasema nyinyi wa mjini mmepoteza macho ya kuona mambo kama hayo. Sauti yako ikatetemeka, na mtangazaji akashusha pumzi.

Choijil akavua kofia, akaniinamia, akaniita Mtukufu, akaniomba nibariki gurudumu lake la nyuma kwa sababu linavuja. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo sina jina. Kisimani wanaitana, wanasema mpisheni mtakatifu anyweshe kwanza asije akatushtaki juu. Mke wangu Tsend nikimwambia supu haina chumvi, anasema niiombe milima.

Ungeniuliza, Dada. Kabla hujaniweka redioni, ungeniuliza tu.

Na sasa Mama ananiambia mmeshakubaliana kwa simu. Kiangazi mnakuja na Tuguldur, na farasi mpya atawekwa nadhiri mahali pa Kijivu. Na kwa kuwa Baba hayupo, mimi ndiye nitakayeshika kikombe cha maziwa pale kwenye rundo la mawe la kuombea, nimmwagie farasi kutoka kichwani mpaka mkiani, nitamke yale maneno mbele ya watu wote wa bonde. Mama ameshamchagua, ni yule mtoto wa jike letu jekundu. Anashona utepe. Kila jioni ananiuliza kama maneno ya Baba bado ninayakumbuka. Ninayakumbuka yote. Sitayasema. Barua hii ni ya kukueleza kwa nini.

Lakini kwanza nikueleze hayo maumbile unayoyasifia ukiwa umekaa karibu na bomba la maji moto la ukutani.

Theluji ilianza mapema, kisha likaja joto la uongo, ikayeyuka juu, kisha baridi ikarudi ikaigandisha ikawa kama kioo. Kondoo wanapiga kwato, hawafiki kwenye majani. Wanapiga mpaka miguu inatoka damu. Unamsikia mnyama anajua chakula kiko chini yake na hawezi kukifikia, na wewe umesimama hapo na sululu yako, unavunja barafu kipande cha upana wa mlango, wanakila, unavunja kingine, mpaka mikono haishiki kitu. Wakaanza kulana sufi migongoni. Wewe ulikulia huku lakini hujawahi kuona hilo, maana miaka yetu ya utoto haikuwa hivyo. Kondoo mwenye mimba anatafuna sufi ya mwenzake, na mwenzake ametulia tu, hana hata nguvu ya kusogea. Asubuhi tunawakuta wamesimama wamekufa. Wamesimama, Dada! Tsend aliwasukuma wakaanguka kama viti.

Unasema mlima unafundisha kuamini. Mlima ulikaa pale pale ulipokaa siku zote, mzuri, mweupe, unang'aa. Watalii wangeupiga picha. Mimi nilitamani niutemee mate. Na kila asubuhi Mama alitoka na kijiko chake akanyunyiza maziwa juu, kwa Mbingu, maziwa ya mwisho ya ng'ombe aliyekuwa anakufa, na yakaganda kabla hayajagusa chini. Nilimwambia Mama hayo maziwa angeyanywa. Akaniambia mdomo wangu una vidonda, niufunge.

Sasa nije kwa Kijivu.

Unajua alivyowekwa nadhiri, ni kwa ajili ya mwanao. Tuguldur alikuwa mchanga, hapumui vizuri, ukamleta huku unalia, na Baba akamtoa yule mwanafarasi kwa Mbingu ili mtoto apone. Mtoto akapona. Ulimpeleka na hospitali pia, lakini hilo Mama halitaji. Tangu hapo Kijivu hakupandwa, hakukatwa manyoya, hakuuzwa, hakuna aliyemchapa hata kwa kamba. Alikuwa anazunguka humu na utepe wake shingoni kama bwana harusi, na sisi tunampisha.

Nyasi zilipobaki marobota machache, Mama akasema la kwanza ni la Kijivu. Nikamwambia Mama, kondoo wenye mimba ndio watakaotulisha mwakani. Akasema Kijivu si wetu, tumewekewa tu, na mali ya mwenyewe hailali njaa nyumbani kwako. Nikasema basi huyo Mwenyewe amlishe, nyasi anazo zote, yeye ndiye aliyezifungia chini ya barafu. Mama akanipiga kibao. Mtu wa umri wangu, mbele ya mke wangu. Kisha akatoka, akaenda kumpa Kijivu na pumba zake mwenyewe alizokuwa anakorogea chai. Kwa hiyo katika bonde zima lenye mizoga, farasi mmoja tu alikuwa ananenepa.

Halafu ikaja ile dhoruba uliyoitaja redioni. Siku ya tatu yake nikatoka kwenda zizini, nikakuta yule kondoo mwenye doa jeusi, wa ukoo wa kondoo wa Baba, amezaa kabla ya wakati. Kitoto kimeganda kwenye kinyesi, na yeye anakilamba. Nikamtazama Kijivu upande wa pili wa zizi. Alikuwa anatafuna. Anatafuna polepole, kama mtu asiye na haraka.

Dada, hakutoka zizini mwenyewe. Nilimtoa mimi.

Nilimpeleka nyuma ya kilima cha mawe mekundu, pale upepo unapokatika kidogo. Sikumfunga kamba. Alinifuata tu, pua yake begani kwangu, maana katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwinulia mkono, kwa hiyo hakujua kwamba mtu ni kitu cha kuogopa. Nikavua utepe wake. Nikainua uso nikapiga kelele. Sikuomba. Nilitukana. Nikasema huyu hapa, ni wako, kama upo uzuie mkono huu. Nikangoja. Nakuambia ukweli, nilingoja kabisa, mpaka kope zikashikana kwa barafu. Hakuna aliyenizuia. Nikamuua.

Ningeweza kukuambia nilifanya hivyo kwa ajili ya kondoo. Na kweli, zile nyasi zake ndizo zilizookoa hawa waliobaki. Watu wangenielewa, hata wewe ungenielewa. Lakini si kweli. Nilipokuwa na kisu mkononi sikuwa na kondoo hata mmoja kichwani mwangu. Nilitaka kumuumiza Huyo wa juu. Nilitaka ajue inavyokuwa ukitoka asubuhi ukakuta chako kimekufa.

Nyama yake ilikuwa na mafuta ya manjano, wakati bonde zima linakula mizoga migumu kama kiatu. Nilileta vipande nyumbani, nikasema nimepewa na Choijil. Mama akapika. Mama akala, Dada. Akasema Mbingu imbariki Choijil. Alipokutana naye akamshukuru kwa mikono miwili, na Choijil akanitazama, akamjibu karibu Mama, siku nyingine nitaleta mbuzi. Hajaniuliza hata leo. Ndiyo maana aliniinamia pale kwenye lori, na ndiyo maana wengine walipocheka yeye hakucheka sana.

Mama alipouliza Kijivu yuko wapi, nilisema alitoka katika dhoruba, nikaona nyayo zake zinaelekea mlimani. Lilinitoka tu. Na kabla sijamaliza kusema, upepo ukatulia. Hivi hivi, kama mtu amefunga mlango. Hema likaacha kutikisika, tukasikiana pumzi. Mama akaanguka magoti, yale magoti yake mabovu, akaanza kulia kwa furaha. Akasema amekuja kumchukua, ameondoka na balaa letu. Kesho yake jua likawaka, na majirani wakaja na maziwa kidogo waliyokuwa nayo kumwaga mlangoni kwetu. Nikasimama nao. Nikamwaga.

Ulichokisimulia redioni kama ushahidi wa Mungu ni uongo wangu mimi. Uliupata kwa Mama, Mama aliupata kwangu.

Sasa nijibu mimi swali la yule mtangazaji wako, maana wewe umenijibia bila ruhusa. Eti kuishi karibu na maumbile kunafanya mtu aamini? Sijui. Choijil amezaliwa humu humu na haamini chochote isipokuwa dizeli. Mama anaamini, na angeamini hata ukimfungia ghorofani kwenu. Mimi nilikuwa naamini kama ninavyovaa buti, bila kufikiri. Ule upepo ulipokoma ndipo nilipoogopa. Angenipiga radi, ningejua tumepigana. Angekaa kimya dhoruba ikaendelea, ningejua hakuna mtu na ningelala usingizi. Lakini mimi nimemwibia, nimemtukana, na kesho yake ananiletea jua. Mpaka leo nikiona jua zuri natamani kuingia ndani. Yanjmaa, hii ndiyo imani uliyonisifia? Wewe umesoma, nieleze. Mimi nimeishia darasa la nane na ninachojua ni kwamba siwezi kumsamehe kwa wale kondoo, na siwezi kujisamehe kwa ile pua begani.

Kwa hiyo sitashika kikombe kiangazi. Usimlete Tuguldur kwa ajili ya nadhiri. Mlete amwone bibi yake. Na tafadhali, kama una heshima kidogo kwangu, usirudi redioni kusahihisha. Umeshasema ya kutosha.

Choijil anaondoka na lori kesho asubuhi, na barua hii naiweka mkononi mwake. Lori likishavuka mto, naingia ndani kwa Mama na kumweleza yote, na habari ya nyama pia. Nimeanza na wewe, Dada, na usidhani ni kwa sababu wewe ni mkubwa. Ni kwa sababu wewe nimekukasirikia, na mtu akiwa na hasira maneno yanatoka. Kwa Mama sina hasira yoyote. Nimeitafuta tangu juzi, sijaipata. Nitaingia mikono mitupu.

Msalimie shemeji, mwambie yale mafuta ya magoti yamesaidia. Tsend anakusalimu, na anasema kaushi ulizoleta mwaka jana bado zinavaliwa. Mama naye anakusalimu sana. Ameniona naandika, akanituma nikuambie kwamba asubuhi hii amekunyunyizia maziwa upande wa mjini, na anauliza utepe wa farasi mpya wa Tuguldur aushone mrefu kiasi gani.

Ni mimi mdogo wako,
Sodnom